Kaya Kinondo: Msitu wa mababu wafungua mlango

Ukivuka feri ya Likoni ukashika barabara ya Lunga Lunga, utapita Waa na Tiwi, na baada ya mwendo wa kama kilomita 30 utafika Ukunda, mji wenye kelele za matatu na wauza madafu. Hapo wageni wengi hukata kushoto kwenda Diani. Barabara ya Diani yafuata ufuo kuelekea kusini, hoteli baada ya hoteli, ukuta baada ya ukuta, mpaka msafiri huanza kusahau kwamba nyuma ya kuta hizo kuna bahari. Kisha kuta zaanza kupungua, minazi yarudi, na mbele kidogo ya Galu wauona msitu mnene umesimama peke yake kandokando ya pwani, kama mzee aliyekataa kuondoka kwake baada ya majirani wote kuuza viwanja.

Huo ndio Kaya Kinondo. Ukubwa wake ni kama hekta 30 tu. Mtu aliyezoea kusikia habari za Tsavo na Maasai Mara ataona hiki ni kijisitu cha kuchezea watoto. Lakini ndani ya hekta hizo 30 kuna mivule na mibambakofi ya umri ambao hakuna aliye hai anayeweza kuutaja, kuna mizabibu ya mwitu iliyojisokota minene kama paja la mtu, na kuna makaburi ya watu ambao wajukuu wa wajukuu wao ndio leo wanaoendesha bodaboda kule barabarani.

Kwa miaka mingi msitu huu haukuwa mahali pa mgeni. Hata mwenyeji hakuingia ila kwa sababu, tena kwa idhini ya wazee. Tangu 2001 mambo yamebadilika: mlango umefunguliwa, mgeni hulipa ada, hupewa kijana wa kumwongoza, akaingia akatoka. Jambo hilo limesifiwa na wengi kuwa mfano mwema wa utalii unaotunza mazingira na kumfaidi mwananchi. Nami nalisifu. Lakini yafaa tujiulize swali ambalo wazee wa Kinondo hawakuweza kuliepuka: msitu uliosalimika kwa sababu watu walizuiwa kuingia, waweza kusalimika kwa kuwakaribisha watu?

KAYA NI NINI

Msomaji wa bara aliyelisikia neno hili kwenye habari tu huenda akadhani kaya ni pango la waganga. Sivyo. Kaya ni mji. Kwa mapokeo yao, Wamijikenda walitoka Singwaya, kaskazini, wakifukuzwa na vita, wakashuka pwani na kujenga miji yao ndani ya misitu ili adui asiwaone. Hao ni Wadigo, Waduruma, Wagiriama, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Mji ulikaa katikati penye uwazi, msitu ukauzunguka kama boma, na njia ya kuingilia ikawa moja au mbili tu, nyembamba. Mahali maalumu palizikwa fingo, kinga ya mji, ambayo mapokeo yasema ililetwa kutoka huko huko Singwaya.

Wataalamu wasema miji hiyo ilianza kujengwa karne ya 16. Usalama ulipopatikana watu walitoka mmoja mmoja kwenda kulima na kuvua, na kufikia miaka ya 1940 kaya nyingi zilikuwa zimehamwa. Hapo ndipo ajabu ilipotokea. Mji uliohamwa kwa kawaida hugeuka shamba. Hii haikugeuka shamba. Iliachiwa mababu. Ikawa mahali pa kuzika wakubwa, kuombea mvua, kuomba shifaa wakati wa ugonjwa na suluhu wakati wa ugomvi. Kukata mti ukawa mwiko, kuchunga ng'ombe ukawa mwiko, na aliyevunja mwiko alitozwa mnyama wa kafara kabla hajauguza mtoto.

Serikali ya mkoloni iliijua nguvu ya misitu hii vizuri kuliko tunavyodhani. Mekatilili wa Menza alipowainua Wagiriama mwaka 1913 dhidi ya kodi na kazi ya kulazimishwa, kiapo kililiwa kaya. Mwaka uliofuata Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Mtu hapotezi baruti juu ya miti mitupu.

Huko Kinondo wenyeji ni Wadigo, na Wadigo walio wengi ni Waislamu. Wageni hustaajabia jambo hili, wakauliza inakuwaje mtu aswali Ijumaa msikitini na bado auogope msitu wa babu zake. Swali hilo huulizwa hata na mashekhe wa pale pale, na si swali dogo. Wapo vijana ambao wameacha kuwasikiliza wazee wa kaya kwa sababu ya dini, na wapo walioacha kwa sababu ya shule, na wapo walioacha kwa sababu ya bei ya kiwanja. Hao wa tatu ndio wameleta madhara makubwa.

HOTELI NA MSUMENO

Kuanzia miaka ya 1970 watalii wa Ujerumani, Uswisi na Uingereza walipoanza kumiminika Diani, ekari ya ufuo iligeuka dhahabu. Misitu ya ukanda huu ikaanza kumegwa. Palipokuwa na kaya pakatokea uwanja, palipokuwa na mzimu pakatokea bwawa la kuogelea. Hata kisiwa cha Chale, ambacho nacho kina kaya yake, kilijengwa hoteli. Anayetaka kujua Diani ilivyokuwa zamani awatazame mbega, wale kima weusi wenye manyoya meupe marefu mabegani. Msitu wao umekatwa vipande vipande na barabara imepita katikati, kiasi kwamba wahifadhi wamelazimika kuwafungia madaraja ya kamba juu ya lami ili wavuke bila kugongwa na magari. Mgeni hupiga picha madaraja hayo akacheka. Mimi siwezi kucheka. Mnyama aliyekuwa na msitu amepewa kamba.

Katika miaka ya 1980 wataalamu wa mimea, miongoni mwao Anne Robertson na Quentin Luke, walianza kuzipitia kaya moja baada ya nyingine wakihesabu miti. Walichokikuta kiliwashangaza wakubwa wa Nairobi: misitu hii midogo, ambayo kwenye ramani huonekana kama madoa ya wino, ilikuwa na mimea mingi ya nadra, mingine isiyopatikana kwingine katika Kenya. Kilichoitwa ushirikina wa wazee ndicho kilichohifadhi kile ambacho sheria za misitu zilishindwa kukihifadhi.

Mwaka 1992 kaya kadhaa, Kinondo ikiwamo, zilitangazwa kuwa urithi wa taifa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka huo huo kikaundwa kitengo cha makumbusho cha kuhifadhi misitu ya pwani. Mwaka 2008 kaya za Mijikenda zikaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na Kinondo imo. Mwaka 2009 mila zenyewe, yaani maombi, viapo na miiko, ziliwekwa katika orodha nyingine ya UNESCO, ile ya mambo yanayohitaji kuokolewa haraka. Watu hupenda kuitaja orodha ya kwanza kwa fahari. Hii ya pili husahauliwa, nayo ndiyo yenye kutia wasiwasi.

Lakini tangazo la gazeti rasmi halifukuzi msumeno. Mwenye njaa hali karatasi. Mti wa nguzo una bei, kuni zina bei, na mwenye kiwanja jirani husogeza ukuta hatua mbili kila mwaka. Zaidi ya hayo, mwaka 1997 kulizuka ghasia za Likoni. Watu waliuawa, maelfu wakahama, na ikasemekana washambuliaji walikusanyika na kulishwa viapo msituni, mahali palipoitwa Kaya Bombo. Neno kaya, ambalo kwa Mdigo lilikuwa na maana ya nyumbani, likaanza kutajwa redioni pamoja na panga na bunduki. Watalii wakakimbia, mahoteli yakafunga, vijana wa Ukunda na Diani wakarudi kukaa vibarazani.

Ni baada ya hayo, hoteli zikiwa bado zachechemea na jina la kaya limechafuka, ndipo wazee wa Kinondo walipokubali kufungua mlango. Naona hilo lilikuwa jambo la ujasiri kuliko linavyosimuliwa.

KANIKI NA KOFIA

Mgeni anayefika Kinondo haingii moja kwa moja. Kwanza hufungwa kaniki, ile nguo nyeusi, kiunoni, awe mwanamume au mwanamke, awe amevaa suruali ya bei gani. Kofia huvuliwa. Huambiwa miiko: asiokote kitu, hata jani lililoanguka, asikate, asipige picha pale alipokatazwa, na wapenzi wasibusiane humo ndani. Hili la mwisho huwachekesha vijana wa Kizungu waliokuja fungate, lakini nimesikia kwamba hutii kuliko wenzetu wa kutoka mjini.

Kisha huingia nyuma ya kiongozi wake. Jua la Diani, ambalo dakika tano nyuma lilikuwa likichoma utosi, hupotea. Ardhi ni jiwe la matumbawe lenye mashimo, na mizizi imelikumbatia kama vidole. Kiongozi husimama kila hatua chache: mti huu ni wa tumbo la mtoto, ule ni wa mzazi, huu maji yake hutia upofu, ule hupandwa kaburini. Elimu hiyo hakuipata chuoni. Ameipata kwa wazee, na asingeipata kama kungekuwa hakuna mgeni wa kuisikiliza. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo faida ya kwanza ya mradi huu ilipo, kabla hatujahesabu shilingi. Kijana ambaye angeona haya kukaa miguuni pa babu yake ajifunze majina ya miti, sasa hujifunza kwa bidii, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Katikati ya safari mgeni huonyeshwa mti mkubwa akaambiwa aukumbatie aache uzito wake hapo. Kwa hivyo kumbusu mchumba ni mwiko, kuukumbatia mti ruhusa. Mimi sijui kama jambo hili lilikuwako zama za mababu au limebuniwa kwa ajili ya wageni, wala sidhani kwamba ni kosa likiwa limebuniwa. Mila yoyote iliyo hai huongeza chake.

Mwisho njia hugeuka. Zipo sehemu ambazo mgeni hafiki, hata alipe mara kumi: pale penye makaburi na pale pa maombi. Hapo ndipo jibu la lile swali langu la mwanzo lilipo, kama lipo. Kaya haikufunguliwa yote. Kilichouzwa ni matembezi ya pembeni. Kiini hakina kiingilio. Na aliyechora mpaka huo si wizara, si hoteli, wala si mfadhili. Ni wazee wenyewe. Siku mfadhili atakapokuja na fedha za kutosha na kusema njia isogezwe mbele kidogo, ili wageni wapige picha nzuri zaidi, ndipo tutajua kama Kinondo ina wazee au ina walinzi wa lango.

NANI ANAKULA

Fedha za mlangoni huwalipa viongozi na walinzi, huwapa wazee chao cha kuendeshea maombi na mikutano, na nyingine huelekezwa katika mahitaji ya kijiji kama shule na matibabu. Wageni wengi hupelekwa pia kijijini, waone wanawake wakisuka makuti na waganga wakichanganya dawa. Si fedha za kutajirisha mtu. Mtalii mmoja aliyelala siku saba katika hoteli ya ufuoni huacha Kinondo kiasi kisichofikia bei ya chakula chake cha jioni moja, na hilo ndilo jambo la kusikitisha katika habari hii yote. Mahoteli hutumia picha za utamaduni wa Wadigo kuita wageni, kisha Mdigo hupata asubuhi moja tu ya mgeni huyo.

Kuna pia ugonjwa wa kawaida wa miradi ya kijiji, ambao sisemi uko Kinondo lakini kila mtu wa pwani ameuona mahali fulani: mwanzo kuna kamati, baadaye kuna mwenyekiti, mwisho kuna jamaa za mwenyekiti. Dawa yake haina gharama. Hesabu isomwe hadharani, kwa Kidigo, mbele ya kina mama, maana wao ndio wanaojua ni mtoto gani hakupata vitabu.

Na utalii wenyewe ni mshirika asiyeaminika. Ulikimbia 1997. Ulikimbia tena 2020 wakati wa korona, ndege ziliposimama na mahoteli ya Diani yakafungwa. Msitu uliokuwa ukilindwa na fedha za wageni peke yake ungeisha mwaka ule kwa makaa. Kinondo haikuisha. Mwiko, ambao haungoji ndege, ulikuwa bado upo kazini.

Majirani wamejaribu njia nyingine. Kule milima ya Shimba, tangu miaka ya 1990, wakulima wa Kidigo na Kiduruma wa Mwaluganje walikubali kuyaacha mashamba yao yawe hifadhi ya ndovu, wawe wenye hisa, nao wagawane ada za wageni. Fikra nzuri kabisa. Lakini gawio hutegemea wageni, na mwaka wageni wakipungua gawio hupungua, ilhali ndovu hawapunguzi hamu yao ya kula.

Ukishuka kusini zaidi utafika Gazi, mji wa Sheikh Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui, yule aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Hapo mikoko ilifyekwa vibaya miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa baharini, James Kairo akiwa mbele yao, wamekuwa wakipanda upya pamoja na wanakijiji. Kina mama wa Gazi wana njia yao ya mbao inayopita juu ya matope katikati ya mikoko. Mgeni hulipa, huonyeshwa mkoko, mchu, muia, mkandaa na mlilana, kisha hula samaki wa nazi. Lakini tangu 2013 Gazi na Makongeni wana mapato mengine yasiyohitaji hata mgeni mmoja. Mradi wao wa Mikoko Pamoja hutunza hekta 117 za mikoko, na kwa kuwa mikoko hiyo hufyonza hewa chafu ya viwanda, watu wa ng'ambo hulipia kazi hiyo. Ulikuwa wa kwanza duniani kuuza hewa ya mikoko kwa namna hiyo, na mwaka 2017 ukatunukiwa tuzo ya Umoja wa Mataifa. Fedha zimeleta maji ya mfereji na vitabu vya shule.

Kinondo haiwezi kufuata kila hatua ya Gazi. Hekta 30 ni ndogo kwa biashara ya hewa. Lakini yaweza kujifunza kutoweka mayai yote katika kikapu cha mtalii.

Kinachonitia hofu zaidi si fedha bali watu. Wazee wa kaya wanakufa, na si wote wanaokufa kwa uzee. Katika Kilifi na Kwale, miaka hii, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hiyo kuna shamba linalotakiwa kurithiwa upesi. Mzee mwenye mvi na macho mekundu ya moshi wa kuni huitwa mchawi, kisha shamba lake hugawanywa. Kila anapokwenda mmoja, huenda na majina ya miti, maneno ya maombi na habari ya mahali fingo lilipozikwa. Kiongozi wa watalii, hata awe hodari namna gani, amefundishwa njia ya nje tu. Ya ndani hufundishwa mtu aliyechaguliwa, polepole, kwa miaka. Ni vijana wangapi wa Kinondo leo wanaofundishwa hiyo ya ndani? Wazee hawalisemi jambo hilo mbele ya mwandishi wa gazeti, na wana haki yao.

Msomaji anayetaka kwenda ajionee, apande matatu ya Likoni mpaka Ukunda, kisha ashike bodaboda au tuktuk kuelekea Kinondo, na aulize njia ya kaya. Kila mtu aijua. Aende asubuhi kabla jua halijakaza, avae viatu vilivyofunika vidole kwa sababu ya jiwe la matumbawe, na awe na fedha za kiingilio na za kumwongeza kijana atakayemwongoza. Kaniki atapewa huko huko. Kofia aiache nyumbani.